Ng'ombe Waliobaki Bila Wenyewe

Kwenye karatasi za ajira Nanyokie ni mhudumu wa usafi: deki asubuhi, deki mchana, shuka za wodi ya wanaume, ndoo mbili na dawa ya choo. Kazi yake hasa haimo kwenye karatasi yoyote. Kwa miaka kumi na tisa, kila Mmasai anaposhuka kutoka juu, nyanda za kreta, akafika katika ile hospitali ndogo nje ya Karatu bila Kiswahili cha kutosha kueleza anapoumwa, muuguzi huchungulia koridoni na kuita, "Mama Nasieku! Lete mdomo wako huku." Naye huegemeza fimbo ya deki ukutani, hujifuta mikono kwenye khanga, akaingia.

Amewatamkia watu saratani. Amewatamkia wasichana mimba wasizozitaka, na wazee kwamba mguu hautapona, utakatwa. Hakuna shule iliyomfundisha. Alichojifunza mwenyewe ni kwamba mkalimani hachoshwi na anayoyasema, huchoshwa na anayoyameza.

Mwaka juzi alikuja Daktari Hilary na utafiti wake wa figo. Alikuwa kijana wa Mbulu, Mwiraqw, mrefu, mwepesi wa kucheka. Siku ya kwanza alipoambiwa kuwa mkalimani wake ni Mmasai alishika kichwa.

"Babu yangu alituusia, Mmasai usimpe mgongo. Walichukua ng'ombe wetu wote."

"Hatukuchukua, daktari," Nanyokie alimjibu. "Tuliwafuata wetu waliopotea kwenu. Na bado hamjamaliza kuwarudisha."

Wakaelewana tangu hapo.

Ili atafsiri vizuri ilibidi kwanza aelewe, kwa hiyo Hilary alimkalisha kwenye chumba cha ushauri, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, akamweleza. Mwilini kuna walinzi. Akiingia mdudu wa malaria au wa koo, walinzi wanawasha moto kumfukuza. Ndiyo ile homa, ndiyo ule uvimbe. Mdudu akishatoka, moto unatakiwa uzimwe.

"Kama wazee walivyokuwa wanachoma majani ya zamani ili kupe wafe," alisema Nanyokie. "Mtu anawasha, na wenzake wamesimama na matawi mabichi."

"Hapo hapo. Sasa kuna watu wamezaliwa na walinzi hodari wa kuwasha, ila wavivu wa kuzima. Moto unabaki chini chini, miaka. Na figo ni chujio laini. Linaungua polepole, mwenyewe hajui, mpaka siku anaamka uso umejaa maji."

"Na hao walinzi wavivu anawatoa wapi?"

"Ni maagizo ambayo mtu anayarithi. Tunayaita jeni. Nusu kwa baba, nusu kwa mama."

"Kama fahali."

"Kama nini?"

"Fahali mwenye kwato mbovu huzaa ndama wenye kwato mbovu. Mlisomea hilo miaka mingapi?"

Hilary alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akawa mtu wa kazi tena. Alimwomba asiwaeleze wagonjwa kana kwamba ni hukumu. Si jeni moja, ni tofauti ndogo ndogo nyingi, nyingine hazijajulikana bado. Mtu anaweza kuwa nazo akafa mzee na figo zake nzima. "Mimi natafuta zilipo kuni kavu," alisema. "Kama kiberiti kitawaka, sijui. Ndiyo maana nahitaji swali la kumi na nne."

Swali la kumi na nne lilikuwa hili: Katika ukoo wako, kuna mtu aliyefariki akiwa amevimba uso na miguu, au aliyeambiwa ana ugonjwa wa figo?

Wakulima wa Karatu walilijibu kwa kirefu, wakataja na shemeji wa jirani. Watu wa juu walijibu neno moja. Hakuna. Wa Nainokanoka, hakuna. Wa Endulen, hakuna. Bibi mmoja wa upande wa Soitsambu, mwenyewe macho yamefungwa kwa uvimbe, hakuna. Nanyokie aliwatafsiria wote sawasawa, hakuna, hakuna, na Hilary akawa anatingisha kichwa na kusema hajapata kuona koo zenye afya kama hizo Tanzania nzima.

Angeweza kumwambia. Kwao Nainokanoka, mtu akifa jina lake huondoka naye. Halitajwi tena nyumbani, kwa huzuni wala kwa mapenzi wala kwa kuulizwa. Wengi wanasali siku hizi, wana simu, wana watoto vyuoni, lakini katika ukoo wake hilo halijalegea. Jina la marehemu ni mlango, na wewe ukilisema umeufungua, na hujui atakayepita. Kama kuna aliye hai mwenye jina hilo hilo, anabadilishwa siku ile ile. Basi mtu akikuuliza wangapi kwenu walikufa hivi, unawezaje kuhesabu usiowaita?

Hakumwambia. Yeye mwenyewe alikuwa na wake asiowaita.

* * *

Mdogo wake, Lomayani, alishuka Karatu mwezi wa sita, amejifunga shuka mbili kwa baridi ambayo wengine hawakuisikia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mlinzi kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa kreta, mtu wa maneno mengi. Wageni walimpenda kwa sababu alikuwa anawaambia simba wote wa bondeni anawajua kwa majina na wengine aliwakopesha tumbaku.

"Dada, angalia," alisema akiwa mlangoni, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo lilibaki. Walilitazama wote wawili, shimo dogo kwenye nyama ya mtu, likichelewa kujaa.

Nanyokie alikuwa ameliona shimo hilo mara ya mwisho akiwa na miaka saba.

Vipimo vilisema figo zote mbili zimekwisha. Lomayani akaanza kwenda Arusha mara mbili kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu, akirudi kulala nyumbani kwa dada yake, amechoka kama nguo iliyokamuliwa. Watoto wake watatu walikuwa wadogo. Njia iliyobaki ilikuwa ndugu amtolee figo moja, ipandikizwe katika hospitali kubwa. Nanyokie alijitoa wa kwanza, akakataliwa kwa presha. Ndipo akajitokeza binti yake.

Nasieku alikuwa na miaka ishirini na nne, amezaliwa Karatu na kukulia Karatu, yuko mapokezi kwenye lodji moja njia ya Oldeani. Kimaasai alikuwa anakisikia nusu na kukijibu kwa Kiswahili.

"Mbona mnaniangalia kama mmeona twiga sebuleni?" aliwaambia. "Ninazo mbili. Mjomba anahitaji moja. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

"Utaniachia na ulimi wako?" Lomayani alimuuliza.

"Ulimi mjomba unao wa kutosha. Figo tu."

Damu zao zilipatana. Hospitali kubwa ikataka historia ya familia ijazwe hapa hapa Karatu, kwa mkono wa Hilary, kabla ya kupanga tarehe. Siku hiyo walikaa wanne katika chumba cha ushauri: Hilary nyuma ya meza, Lomayani kwenye kiti cha magurudumu, Nasieku, na Nanyokie aliyekuja na sare yake ya kazi, fimbo ya deki ameiacha mlangoni.

"Namba kumi na nne," alisema Hilary, akamtazama Nasieku. "Na hapa naomba uwe makini, dada, maana wewe ndiye unayetoa. Kama figo zina tabia ya kufa kwenu, mtoaji kijana ndiye wa mwisho ninayemtaka. Unabaki na moja, na hiyo moja nayo ikiungua?"

"Mimi sijui," alisema Nasieku. "Babu zangu siwajui hata majina. Muulize mama."

Kalamu ya Hilary ikageuka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, swali lilikuwa la Nanyokie mwenyewe.

Kabla hajafungua mdomo, Lomayani alisema kwa Kimaasai, taratibu, macho yake sakafuni, "Usiwaite."

Nanyokie akasema, "Hakuna."

Hilary akaandika.

* * *

Asubuhi iliyofuata alipiga deki koridoni kama kawaida, akirudi nyuma kuelekea dirishani. Alipoinua macho aliona kwenye sakafu iliyolowa nyayo. Zilikuwa za miguu mitupu, kubwa, za mviringo, hazina upinde wa katikati, vidole vimeungana kama vya mtu aliyejaa maji. Zilitoka mlango wa wodi na kuja mpaka alipokuwa amesimama yeye. Hazikurudi.

Ni hospitali, alijiambia. Miguu iliyovimba ndiyo inayolala humu. Akapita juu yake na tambara.

Kesho yake zilikuwepo tena.

Baba yake alikuwa anatembea hivyo mwishoni, akiburuta, akiacha alama pana kwenye tope la zizi. Nanyokie alimbonyeza mguu siku moja kwa kucheza, naye akacheka, akamwambia abonyeze tena. Alipokufa walimlaza karibu na njia, wakarundika mawe. Kila apitaye aliongeza jiwe na hakusema neno. Nanyokie aliongeza mawe mangapi! Kila alipokwenda kuni, jiwe; kila alipokwenda maji, jiwe. Miaka ilivyokwenda rundo lilipanda kuliko yeye, na chini yake palikuwa na mtu ambaye hakuna aliyeweza kumuuliza kitu.

Na hakuwa peke yake. Mwaka mmoja kabla yake alitangulia mdogo wake, baba mdogo wa kina Nanyokie. Huyo alikuwa na wajina nyumbani, kitoto cha miaka minne kilichopewa jina lake. Siku alipokufa, kitoto kiliamka na jina moja, kikalala na jingine. Nanyokie aliyakumbuka macho yake jioni ile, alipoitwa mara tatu, Lomayani, Lomayani, asijue kuwa ni yeye anayeitwa.

Wiki hiyo Nasieku aliivua pete yake kwa sabuni, akaiweka kwenye kikombe juu ya kabati. "Imesinyaa," alisema, akikimbilia kazini. "Dhahabu ya Karatu hiyo."

Nanyokie aliitazama ile pete ndani ya kikombe kwa muda mrefu. Halafu akaomba ruhusa ya siku mbili.

* * *

Alipanda na lori la unga wa mahindi. Kwenye geti la hifadhi alionyesha kitambulisho cha mkazi, wakapita, na lami ikaishia kwenye ukungu. Nainokanoka ukungu haushuki, unakaa. Ng'ombe wanasikika kabla ya kuonekana, kengele zikitoka pasipo na kitu.

Mama yake alikuwa zizini, amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mweusi, kibuyu kimebanwa magotini. Nanyokie aliinamisha kichwa kama mtoto ili aguswe. Mkono wenye maziwa ukamgusa.

"Takwenya," mama alimsalimu.

"Iko, Yeyo."

Walikamua pamoja, kila mmoja upande wake wa chuchu, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Nanyokie alikuwa ameliwaza swali lake njia nzima ndani ya lori. Hangeweza kuuliza habari za watu. Lakini kuna majina ambayo hayafungwi. Ng'ombe akifa anatajwa. Ng'ombe wa miaka sitini iliyopita bado anatajwa, rangi yake, pembe zake, alikuja na nani na alikwenda kwa nani, na uzao wake wote mpaka aliyesimama leo. Rafiki wawili waliopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina yao. Wanaitana kwa zawadi ile, Pakiteng, na jina hilo linawazidi umri.

"Yeyo, huyu mweusi ni wa uzao gani?"

"Huyu ni wa Narok. Humjui Narok? Alikuja kutoka Endulen na bibi yenu, siku ya kuolewa kwake."

"Na Narok alibaki na nani?"

Mikono ya mama ikasimama. Maziwa yalidondoka tone moja, la pili.

"Unauliza watu au unauliza ng'ombe?"

"Nauliza ng'ombe, Yeyo."

"Basi nitakujibu ng'ombe."

Akaendelea kukamua, na kwa sauti ile ile ya kuhesabu mifugo jioni akaanza. Narok alibaki bila mwenyewe mwaka wa ukame, mwenyewe miguu ilijaa maji akashindwa kutoka nje kumkamua. Ndama wake mkubwa alikwenda kwa binti ya mwenyewe, shangazi yenu, naye akakaa naye masika manne tu, uso ukafunga kama wa ndama ambaye hajafumbua macho. Dume la mabaka la baba mdogo lilikuwa la Pakiteng wake wa Digodigo. Pakiteng alikuja kumtembelea, akasimama langoni, akakuta hakuna wa kumwita. Fahali wa baba yenu alilia langoni siku tatu. Wewe ulimsikia.

"Nilimsikia."

"Mtamba mweupe, Naibor, hakuzaa kamwe. Mwenyewe alikuwa morani. Alikuwa anarukaruka na wenzake mwezi wa pili, mwezi wa tano hakuweza kuvaa viatu."

Huyo alikuwa kaka yao mkubwa. Nanyokie alikuwa anahesabu kwa kubana vidole ndani ya khanga. Watano. Wote upande wa baba, wote wametoka kwa yule bibi wa Endulen na ng'ombe wake mweusi. Alidhani imekwisha.

"Na ndama wa kijivu," alisema mama.

"Ndama wa kijivu ni wa nani?"

"Wa binti aliyekuja kabla yako."

Ukungu uliingia zizini ukapita baina yao. Nanyokie hakuwahi kusikia kwamba kuna binti aliyekuja kabla yake.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani? Huyo ndama?"

"Wa kufika hapa." Mama aliushusha mkono wake, kiganja kikaelea juu ya samadi, urefu wa mtoto wa miaka sita. Kikabaki pale kidogo, kana kwamba kimewekwa juu ya kichwa.

Walipomaliza, mama alifunika kibuyu, akajifuta, akauliza bila kumtazama, "Yule mtoto wako anayepokea wageni. Asubuhi pete yake inatoka?"

* * *

Alifika Karatu kesho yake saa tano, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja hospitalini. Kwenye karatasi ya Hilary alichora ng'ombe. Narok juu, chini yake uzao wake, mshale kutoka kila ng'ombe kwenda kwa aliyebaki naye, na alama ya msalaba kwa kila aliyejaa maji. Hilary alizihesabu alama kwa ncha ya kalamu.

"Sita," alisema. "Vizazi vitatu. Mama Nasieku, hiki ndicho nilichotafuta mwaka mzima. Kumbe mlikuwa mnaniambia hakuna…"

"Uliuliza watu."

Hakucheka safari hii. Alisema hawezi kutuma karatasi za Nasieku. Ilibidi apimwe kwanza yeye mwenyewe, mkojo na damu, na sampuli ya jeni ipelekwe. Lakini historia ile ni ya mgonjwa pia. Hawezi kuibadilisha fomu nyuma ya mgongo wake. Lomayani ndiye wa kuthibitisha, na fomu inataka watu, haitaki ng'ombe.

Wakakaa tena wanne, mchana ule ule. Lomayani alikuwa ametoka Arusha jana yake, midomo imekauka. Alipouona mchoro wa ng'ombe mezani alijua kabla hajaelezwa. Alikuwa mchunga ng'ombe kabla ya kuwa mlinzi.

"Umekwenda kwa Yeyo," alisema kwa Kimaasai.

"Nimekwenda."

"Dada, unajua unachofanya? Nangoja tarehe. Nina watoto watatu. Hawa," alionyesha karatasi bila kuigusa, "wamenisubiri miaka yote, na wewe unataka kuwafungulia mlango mimi nikiwa nimekaa mlangoni."

"Wameshaingia, ndugu yangu. Kila asubuhi napita na tambara juu ya nyayo zao."

Nasieku alitazama huku na huku. "Mama, nani wameingia? Na siku ile mjomba alisema asiitwe nani? Mnazungumza juu ya mwili wangu kwa lugha mliyoninyima."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kitanda cha chuma.

Ndipo Nanyokie alipoweka mikono juu ya magoti na kuwaita. Alianza na bibi. Sauti yake haikuwa kubwa. Alisema Nanetia, aliyekuja na Narok. Alisema Nalangu, binti yake. Alisema Mepukori, baba yangu, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu akiwa na miaka saba, na bado ulimi ulilijua. Alisema Tajewo, kaka yetu wa kwanza. Alisema kuna mtoto wa kike, jina lake silijui, andika mwenye ndama wa kijivu. Hilary aliandika hivyo hivyo.

Alibaki mmoja. Alimtazama mdogo wake.

"Olais," alisema.

Na Lomayani akainua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akaitika. "Oe."

Ilimtoka bila kutaka. Kitoto cha miaka minne kilichokuwa kimeachwa mahali fulani nyuma, kwenye ukungu, bila jina, kilikuwa kimesikia kinaitwa na kimekuja. Lomayani alishika mikono ya kiti chake. Alilia kwa muda, bila sauti, uso wake mpana uliojaa maji ukiongeza maji.

"Nilitaka kuishi," alisema mwisho, kwa Kimaasai. "Nisiseme uongo. Mila ilinisaidia tu kusema usiwaite." Akamgeukia Nasieku, akabadilisha lugha, Kiswahili chake cha kambini, chenye madaha. "Mpwa wangu, baki na figo yako. Nikikutana na hawa wazee huko waliko na yako ikiwa ndani yangu, watanichapa."

"Mjomba…"

"Kausha." Halafu akamwambia dada yake kwa Kimaasai, "Sasa fanya kazi yako. Mwambie daktari. Namba yake ile. Mwambie, wapo."

Nanyokie akamgeukia Hilary.

"Anasema, wapo."

* * *

Mkojo wa Nasieku ulikuwa na protini. Si nyingi. Majibu ya jeni yalichukua miezi mitatu kurudi, na yalisema kwa maneno mengi kile ambacho bibi yake wa Nainokanoka aliuliza kwa habari ya pete. Hilary alimweleza Nasieku naye habari ya kuni na kiberiti: vidonge vya presha kila siku, chumvi kidogo, dawa za maumivu za dukani asiziguse, homa yoyote aje mara moja, na kila miezi mitatu apimwe. "Tumewahi," alimwambia. Pete ilirudi kidoleni baadaye. Hata hivyo kila asubuhi mama yake humsikia, chooni, akiizungusha.

Hapakupatikana mtu mwingine wa kumtolea Lomayani. Binamu mmoja alijaribu, damu zikakataana. Aliendelea na mashine miezi kumi na mitano, akiwachekesha wauguzi wa Arusha kwa habari za simba wadaiwa tumbaku, na akafariki masika, wiki ambayo barabara ya juu ilikatika. Ilibidi wasubiri siku mbili ndipo apandishwe nyumbani.

Jina lake linatajwa humu kwa sababu yeye mwenyewe aliacha agizo. Lisifungwe. Watoto wake, wakiulizwa na daktari yeyote, waseme: baba yetu Lomayani, aliyewahi kuitwa Olais, figo. Wazee hawakulipenda. Mama yake alikwenda zizini akasimama karibu na ng'ombe wa mwanawe, dume la kahawia, mpaka giza likawameza wote wawili.

Nanyokie bado anapiga deki. Mgonjwa akishuka kutoka juu, naye akaitwa kumwazima mdomo, swali la kumi na nne halitafsiri tena lilivyoandikwa. Huuliza, ng'ombe gani kwenu alibaki bila mwenyewe, na mwenyewe miguu ilikuwaje? Huwa wanamtazama kwanza. Kisha wanaanza kuhesabu, taratibu, kwa sauti ya jioni. Akiona mtu anasita, humwanzia na wa kwao. Husema, "Sisi kwetu alikuwepo Lomayani."

Kila anapolisema jina hilo, hajizuii kugeuka kutazama mlangoni. Asubuhi nyingine sakafu iliyolowa huwa na nyayo, pana, za kuburuta, siku hizi za jozi zaidi ya moja, na pembeni yao ndogo sana, za mtoto wa kama miaka sita, ambaye Nanyokie bado hajalijua jina lake. Yeye hazipitishii tambara. Huegemea fimbo ya deki na kusubiri zikauke zenyewe.